Kanisa Lilianzishwa Lini na Wapi?

Usharika unapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza linalotafutwa ni tarehe: siku alipofika mhubiri wa kwanza, siku ya ubatizo wa kwanza, mwaka lilipowekwa wakfu jengo la kwanza la ibada. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa maana pasipo hiyo hakuna jubilei. Hata hivyo, nyuma ya tarehe hizo liko swali kubwa zaidi ambalo Wakristo wamelijibu kwa namna mbalimbali: Kanisa lenyewe lilianzishwa lini na wapi? Jinsi usharika unavyolijibu swali hilo ndivyo unavyoelewa ni kitu gani hasa unachomshukuru Mungu.

Jibu linalojulikana zaidi ni siku ya Pentekoste, huko Yerusalemu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 2, kinaeleza jinsi Roho Mtakatifu alivyowashukia wanafunzi siku ya hamsini baada ya Pasaka, na jinsi watu wapatao 3,000 walivyobatizwa siku hiyo hiyo. Wataalamu wengi huweka tukio hilo katika mwaka 30 au 33. Miongoni mwa waliosikia mahubiri ya Petro walikuwamo watu wa Misri na wa pande za Libia. Kwa hiyo tangu siku ile masikio ya Afrika yalikuwapo, karne nyingi kabla ya meli za wamisionari kutia nanga katika pwani ya Afrika Mashariki.

Wengine huelekea Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni, mahali Petro alipomkiri Yesu kuwa ndiye Kristo naye akaahidiwa kwamba Kanisa litajengwa juu ya mwamba (Mathayo 16). Kanisa Katoliki hufundisha kwamba Petro alipewa ukuu juu ya Kanisa lote, na kwamba ukuu huo umerithiwa na maaskofu wa Roma. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilitangaza jambo hilo kuwa fundisho la imani mwaka 1870. Makanisa ya Kiorthodoksi humheshimu Petro, lakini hayakubali kwamba askofu mmoja ana mamlaka juu ya wengine wote. Nao Walutheri, katika maandiko yao ya ungamo ya mwaka 1537, walieleza kwamba mwamba ule si mtu Petro peke yake, bali ni huduma ya kulitangaza ungamo alilolitoa.

Mababa wa Kanisa walitafakari pia mahali pengine. Yohana Krisostomo na Augustino waliona kuzaliwa kwa Kanisa pale Golgotha, damu na maji vilipotoka ubavuni mwa Kristo, kama vile Hawa alivyotwaliwa ubavuni mwa Adamu. Katika maji waliona Ubatizo, na katika damu Meza ya Bwana. Tena Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alifundisha kwamba Kanisa ni la tangu Abeli, kwa sababu wenye haki wote wa zamani waliokolewa kwa imani katika Kristo yule yule atakayekuja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao uliyakumbuka mafundisho hayo mwaka 1964.

Walutheri wana sababu ya pekee ya kulipima swali hili. Mara nyingi wameambiwa kwamba kanisa lao ni changa, kwamba lilianzishwa Wittenberg tarehe 31 Oktoba 1517 na mtawa aliyetengwa na Papa mwaka 1521. Kama ni hivyo, basi kila usharika wa Kilutheri ni tawi la chama kilichoanzishwa na mtu, na jubilei yake ni sherehe ya chama. Swali hilo liliulizwa tangu siku za matengenezo yenyewe: kanisa lenu lilikuwa wapi kabla ya Luther?

Luther mwenyewe hakukubali kwamba ameanzisha kanisa. Mwaka 1522 aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake, kwa maana si yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Katika mafundisho yake juu ya kitabu cha Mwanzo, aliyoanza kuyatoa mwaka 1535, alisema kwamba Mungu aliliweka Kanisa katika bustani ya Edeni, alipompa Adamu neno lake kuhusu mti, kabla ya kuwapo familia na kabla ya kuwapo serikali. Palipokuwa na Neno la Mungu na mtu wa kulisikia, hapo Kanisa lilikuwapo tayari. Na mwaka 1541, akimjibu Mtawala Heinrich wa Braunschweig, alitoa hoja iliyo rahisi kueleweka: wanaoshika Ubatizo ule ule, Meza ya Bwana ile ile na imani ile ile ya mitume ndio Kanisa la kale, anayeongeza mambo mapya ndiye anayejitenga nalo.

Imani hiyo ndiyo iliyomo katika Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530. Ibara ya 7 hufundisha kwamba Kanisa moja takatifu litadumu milele, nalo ni kusanyiko la waamini ambamo Injili huhubiriwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Ibara hiyo haitaji mji wala mwaka wa kuanzishwa. Inataja sauti inayosikiwa, maji yanayomiminwa, mkate na divai.

Historia ya Walutheri wa Tanzania inathibitisha jambo hilo. Wamisionari wa Kijerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, Usambara na kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893. Wale wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma na kuiamini Injili kupitia Uganda, ambao walikuwa wakikusanyika bila kuwa na mchungaji. Mwaka 1910 ni mwaka wa misioni; Neno lilikuwa limetangulia. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wamisionari Wajerumani walikamatwa au kuzuiliwa, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wameondolewa nchini. Walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao pasipo mishahara ya hakika, waliendelea kufundisha katekisimu na kuongoza ibada. Kama Kanisa lingekuwa mali ya misioni, lingeondoka pamoja na wamisionari. Halikuondoka. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliyotokana na kazi hiyo yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Basi miaka mia moja ya usharika si umri wa Kanisa. Ni muda ambao Kanisa lile lile la Edeni, la Golgotha na la Yerusalemu limesikika katika kijiji kimoja, kwa lugha ya wenyeji, katika vinywa vya watu ambao wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wanastahili kukumbukwa kwa heshima, lakini si kama waanzilishi. Walipokea kitu kilichokuwa kikongwe tayari, wakakikabidhi kwa watoto wao kikiwa kizima. Usharika unaolijua hilo hauna haja ya kushindana na jirani yake juu ya nani alitangulia. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba, katika karne inayofuata, atakayeingia mlangoni mwake atasikia bado Neno lile lile.