Mfuto na Tele: Maneno ya Vipimo katika Kiswahili

Auzaye na anunuaye hawapatani mpaka wakubali wote wawili kuhukumiwa na kitu cha tatu, nacho ni kipimo. Kwa hiyo mwenye kuyachungua maneno ya vipimo achungua pia jinsi watu walivyotafuta kuaminiana. Twapenda kuyaeleza machache, kwa kuwa waalimu huulizwa maana yake na wanafunzi, na mengi yamekwisha kutoweka sokoni.

Vipimo vya kwanza ni viungo vya mwili. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetandazwa. Na morita ni toka kidole gumba hata kidole cha shahada. Mkono, ambao kwa neno la Kiarabu huitwa dhiraa, huanza kwenye kiwiko. Pima ni mikono miwili iliyonyoshwa kulia na kushoto. Vipimo hivi mtu hutembea navyo. Lakini watu hawalingani kimo. Tena mkono wenyewe ulikuwa wa namna mbili: mkono kamili, uliofika ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, uliokomea penye ngumi. Katika biashara ya nguo shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Basi aliyeagana bei asitaje ni mkono gani, alikuwa amefungua mlango wa ugomvi.

Nafaka ilipimwa kwa chombo. Vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Hapa lugha yatuonyesha hatari yenyewe, maana yatofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kimefutwa juu kikawa sawasawa na ukingo. Cha tele kimejazwa hata kikafanya kichuguu. Chombo ni kile kile, na jina ni lile lile. Mtu akikopeshwa mtama kwa mfuto wakati wa njaa, kisha akalipishwa kwa tele wakati wa mavuno, amedhulumiwa pasipo neno moja la uongo kusemwa.

Katika uzito watu wa pwani walipata msaada wa fedha. Wakia ulikuwa uzito wa reale moja, yaani fedha ya Maria Theresa wa Austria, ambayo ilipigwa miaka mingi ikichukua daima tarehe ya 1780. Wakia 16 zilifanya ratili, na ratili kama 35 zilifanya frasila, iliyopimia pembe za ndovu na karafuu. Fedha ile iliaminiwa kwa sababu ya pili ilifanana na ya kwanza.

Tukiyaacha majina ya vipimo tukaja kwenye maneno ya jumla, twaona kila moja lina kazi yake. Kipimo chatoka katika kupima. Mizani, kiasi na kadiri ni ya asili ya Kiarabu. Cheo kilikuwa kipimo cha ukubwa wa kitu, kisha kikawa daraja ya mtu kati ya wenzake. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, aliandika maana zote mbili. Kiwango chafungamana na kitenzi cha zamani kuwanga, yaani kuhesabu. Nacho leo chasikika katika jina la Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975. Kigezo chatoka katika kugeza, yaani kuiga. Kipimo huuliza, “Ni kiasi gani?” Kigezo huuliza, “Je, chafanana na kile?”

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walikutana na shida hiyo. Efa na hini waliziacha kama zilivyo. Lakini katika Injili mwanamke hutia chachu katika pishi za unga, na katika Ufunuo ngano huuzwa kwa kibaba. Msomaji wa pwani aliona mara moja ukali wa bei ile, maana alikijua kibaba kwa mkono wake.

Wala tusidhani ya kwamba shida hii ilikuwa ya pwani tu. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilifuata kigezo kimoja, kipande cha madini kilichotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Na vipande vilivyoigwa kwake vilipolinganishwa nacho, vilionekana kuachana kidogo. Kwa hiyo tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo hutegemea kanuni ya maumbile isiyobadilika, wala si kipande tena.

Kwa hiyo mwalimu akifundisha ya kuwa pishi ni vibaba vinne, hajamaliza. Imempasa aeleze pia mfuto na tele, ili mwanafunzi ajue kuuliza kabla ya kukopa.