Una Prado ya 1KZ? Hivi Ndivyo Utalinda Hedi Isipasuke, Kwa Spana Zako Mwenyewe

Kama unaendesha ile Prado ya zamani, ile wasee wa spea huita tu "90", kaa chini kidogo. Toyota iliunda hii ndai kati ya 1996 na 2002, na nyingi za dizeli unazoona barabarani zina injini ya 1KZ-TE: silinda 4, lita 3.0, na turbo juu yake. Inavuta, inapanda, inaenda ocha na mzigo mpaka kwa paa na haisemi kitu. Lakini iko na ugonjwa mmoja, na huo ugonjwa ukikushika, utauza ng'ombe.

Ugonjwa wenyewe ni joto. Bloku ya 1KZ ni chuma, lakini hedi ni aluminiamu. Injini ikichemka, aluminiamu inapanuka haraka kuliko chuma, hedi inapinda ama inapasuka, mara nyingi hapo katikati ya valvu. Na hedi haipasuki kwa sababu Toyota ilikosea sana. Kawaida kuna kitu kidogo cha bei ya chini kilichokuwa kimeoza miezi mingi, na hakuna mtu alikiangalia.

Kumbuka pia Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka 8. Hiyo inamaanisha hata 90 za mwisho za 2002 ziko hapa tangu 2010 ama kabla. Kwa hivyo hiyo yako imepita kwa wenyewe kadhaa na mafundi kadhaa, na kila mmoja aliwachia rejeta kumbukumbu yake.

Anza na maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Narudia, baridi. Ukifungua ikiwa moto, maji yaliyobanwa mle ndani yatakurukia usoni na utakuwa na ngori ya hospitali kabla ya ngori ya gari. Maji yanafaa kuwa yamejaa mpaka shingoni, yawe na rangi safi, nyekundu ama kijani kulingana na kulanti uliyoweka. Yakiwa ya kahawia kama chai ya kibanda, hiyo ni kutu, na mtu amekuwa akiweka maji ya mfereji. Ukiona mafuta yanaelea juu, wacha kila kitu, hiyo ni kesi ingine na tutaifikia.

Wasee wengi husema kulanti ni ya wazungu wenye theluji. Hapana. Sisi tunaihitaji kwa sababu inazuia kutu mahali chuma na aluminiamu zinakutana na maji, na inafanya maji yakawie kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri, sio ya bomba. Usichanganye kulanti za aina tofauti. Kama hujui iliyo ndani ni gani, mwaga yote, suuza, uanze upya.

Sasa hicho kifuniko chenyewe. Hapa ndipo watu huchezewa, juu kinaonekana kama kifuniko tu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na kwa urefu huo maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi kama 94, sio 100. Ukienda juu zaidi upande wa Timboroa, inashuka mpaka kama 91. Kinachookoa injini yako ni presha. Kifuniko kizuri kinabana maji na kusukuma kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi kama 20. Springi ikilegea ama raba ikikauka, hiyo nafasi yote imepotea, na hutajua mpaka siku ya mlima. Angalia raba ya chini: ikiwa imepasuka ama imekuwa ngumu, nunua kingine chenye namba ileile ya presha iliyo kwa kitabu cha gari. Ni doo kidogo sana ukilinganisha na hedi. Pia, ukiona paipu ya juu imefinyika kama imenyonywa gari likipoa, valvu ndogo ya hicho kifuniko imeziba, na maji hayarudi kutoka kwa chupa ya pembeni.

Feni ndiyo ya pili. Prado hii ina feni kubwa iliyoshikwa na habu yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Kupima ni rahisi: endesha mpaka gari lipate joto lake, zima, toa ufunguo, halafu zungusha feni kwa mkono. Inafaa kukataa kidogo, isimame haraka. Ikizunguka kama pangaboi ya nyumba, habu imekufa. Dalili nyingine ni gari lisilochemka kwa barabara wazi lakini linapanda joto kwa jam ya Mombasa Road. Ukiwa hapo, angalia mikanda inayozungusha feni na pampu ya maji. Hiyo mikanda ndiyo inazungusha pia alteneta, kwa hivyo taa ya betri ikiwaka ukiendesha, usiseme "nitafika tu". Huenda mkanda umekatika na pampu imesimama. Simama hapo hapo.

Halafu kuna hadithi ya thamostati. Utapata fundi atakwambia, "Buda, hizi za kwetu hazihitaji, wacha nitoe." Mimi nilikubali mara moja, na gari likaanza kuchemka zaidi. Thamostati ya 1KZ ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato gari likipata joto, ili maji yote yapite kwa rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuguswa na upepo. Rudisha nyingine, ya kampuni ama yenye ubora huohuo. Ukiweka, kile kitundu chenye kipini kinachotikisika kikae juu ili hewa itoke. Kabla ya kufunga, iweke kwa sufuria ya maji na uchemshe ukitazama. Isipofunguka, rudisha dukani.

Ukimaliza kujaza maji mapya, toa hewa. Egesha pua ya gari ikiangalia juu ya kilima kidogo, weka hita kwa moto wa mwisho, washa injini kifuniko kikiwa wazi na uongeze maji polepole mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki kwa hedi, sehemu hiyo inapikika kavu huku mshale ukisema kila kitu ni poa.

Na hapo ndipo uongo wa dashibodi uko. Mshale wa joto wa Prado umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka. Ukiona umeanza kutoka katikati, ushachelewa. Ukiwa na doo kidogo ya ziada, fungia kipima joto cha pembeni chenye sensa iliyobanwa kwa hedi, na kengele. Mimi naona hicho ni muhimu kuliko spotilaiti zote unazotaka kuweka mbele. Na kwa vile tumetaja spotilaiti: zikizidi, pamoja na bampa ya chuma na wavu, zinaziba upepo wa rejeta. Osha mapezi ya rejeta kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje. Presha kubwa inayakunja.

Kama gari lako ni otomatiki, kuna kitu kingine chini ya rejeta: mafuta ya giaboksi hupitia huko kupoa. Rejeta ikipasuka ndani, maji na mafuta vinachanganyika, na giaboksi inaenda nayo. Chomoa kijiti cha giaboksi mara kwa mara. Mafuta yakiwa mekundu safi, poa. Yakifanana na maziwa ya strawberry, usiliwashe gari tena, liite breakdown.

Sasa utajuaje kama hedi tayari imeumia? Asubuhi, kabla ya kuwasha, finya paipu ya juu ya rejeta. Gari limelala usiku mzima, inafaa kuwa laini. Ikiwa ngumu, kuna gesi ya silinda inayoingia kwa maji. Maji yanapungua bila tone chini, mapovu hayaishi ukiwasha kifuniko kikiwa wazi, moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi, injini inatetemeka dakika ya kwanza: mbili kati ya hizo zikija pamoja, tafuta fundi mwenye dawa ya kupima gesi kwa rejeta kabla hajafungua chochote. Na akifungua, hedi ipelekwe ikapimwe presha ukiwepo. Hiyo kazi si ya uani kwako.

Mambo mengine nitapita haraka. Oili kila kilomita 5,000, karibu lita 7 na filta. Filta ya dizeli ina skrubu chini ya kutoa maji, ifungue mara kwa mara, haswa ukinunua mafuta mashinani. Taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taiming, lakini inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kama huna risiti, badilisha tu.

Na siku ikichemka ukiwa Mai Mahiu unapanda na familia imejaa ndani? Zima AC, weka hita kwa moto wote, fungua madirisha, toka barabarani. Kama maji yako na mkanda uko, iache ikipumua polepole mpaka mshale urudi, halafu zima. Kama maji yamemwagika, zima saa hiyo hiyo. Usimwage maji baridi kwa injini moto hata kijana wa barabarani akileta mtungi na roho safi. Hapo ndipo hedi nyingi hupasukia. Shukisha watoto, nunua mahindi choma, ngoja saa nzima, ndipo uguse kifuniko ukiwa na kitambaa kinene.