Usalama uwanjani: ufunguo wa mulango uko kwa nani?

Siku ya mechi kubwa, kila mutu anauliza nani atashinda. Wachache wanauliza: fujo ikitokea, watu hawa wote watatokea wapi? Hapa kwetu Kongo watu walishakufa sababu swali hilo halikuulizwa mapema.

Yaliyotokea kwetu

Tarehe 29 Aprili 2001, Lubumbashi: TP Mazembe na Lupopo. Tarehe 14 Septemba 2008, Butembo: Nyuki na Socozaki. Wachezaji walipigana juu ya mambo ya uchawi, mukubwa wa polisi akaingia kutuliza, wakamutupia mawe. Tarehe 11 Mei 2014, Kinshasa, uwanja wa Tata Raphaël: Mazembe ilikuwa inaongoza Vita Club 1-0, fujo ikaanza, watu 15 wakakufa.

Miji mitatu, miaka mitatu tofauti, lakini mambo yalifuatana namna moja: fujo, gazi ya machozi, kisha watu wote kukimbilia milango pamoja. Butembo walikufa watu zaidi ya kumi, wengi wao watoto na vijana. Hawakuuawa na mawe wala na uchawi. Walikosa pumzi.

Si kwetu tu. Siku kumi baada ya Lubumbashi, kule Accra, Ghana, polisi walirusha gazi mahali mashabiki walikuwa wameketi, na milango ilikuwa imefungwa. Walikufa watu 126.

Mutu anakufa namna gani?

Wengi wanafikiri mutu anakufa sababu alikanyagwa. Mara nyingi anakufa akiwa amesimama. Watu wakizidi watano katika metre moja ya mraba, hauchagui tena pa kwenda, wengine ndio wanakubeba. Kifua kinabanwa, hewa haiingii. Na wale wa nyuma hawaoni yanayotokea mbele, basi wanaendelea kusukuma.

Hesabu ya mulango

Uingereza wana kitabu cha usalama wa viwanja. Kinasema mulango wenye upana wa metre moja unapitisha watu 82 kwa dakika, mahali pasipo ngazi. Tena, uwanja unapaswa kutoa watu wote kwa dakika 8.

Sasa tupige hesabu. Uwanja wenye watu 10.000 na mulango mumoja wa metre 2 unatoa watu 164 kwa dakika. Mutu wa mwisho atatoka baada ya saa nzima! Ili watoke kwa dakika 8, inaomba milango minane ya namna ile, yote ikiwa wazi. Mulango wenye kufuli hauhesabiwi.

Ndio maana waandalizi wanapaswa kujua idadi ya watu mbele ya kuuza tiketi, si kuuza mpaka watu waishe barabarani. Kila mulango uwe na mutu wake mwenye ufunguo, na asiondoke hata kama kuna goli. Walinzi wenye jile, Musalaba Mwekundu na polisi wajue nani anatoa amri.

Gazi na bunduki

Sheria ya FIFA juu ya usalama wa viwanja inakataza wale wanaolinda kando ya kiwanja kubeba ao kutumia bunduki na gazi ya kutawanya watu. Sababu ni rahisi kuelewa. Barabarani, gazi inatawanya watu kila upande. Ndani ya kuta, hakuna upande wa kukimbilia: inawakusanya wote mulangoni. Mashabiki wanaotupa mawe wako na kosa, lakini gazi haichague aliyetupa na mutoto aliyekuja na baba yake.

Wewe shabiki

Ukiingia, tafuta mulango wa pili kwa macho. Ukiwa na mutoto, usikae karibu na kundi lenye kusukumana. Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, baki umesimama, usishindane na musukumo. Enda pole pole kuelekea kando. Kiatu kikianguka, kiache.

Na mbele ya mechi ijayo, ukikutana na mutu wa komite, usimuulize tu bei ya tiketi. Muulize milango ni mingapi, na ufunguo uko kwa nani.