Mabuyu, Simsim na Lile Swali la "Kwenu Ni Wapi?"

Chini ya kitanda changu kuna boksi ya viatu iliyojaa karatasi za vitafunio. Hakuna cha kula ndani, nilishakula zamani. Kilichobaki ni pakiti tupu na vipande vya gazeti vyenye madoa ya mafuta, kila kimoja nimekiandika kwa biro: mji, mwezi, bei, na neno moja au mawili kuhusu ladha. "Mombasa, Mwembe Tayari, krispi za muhogo, pilipili imezidi." "Busia, simsim, tamu lakini inang'ang'ania meno." Nilianza tabia hii mwaka ule niliachana na chuo nikawa naandikia watu makala kwa malipo ya kuja baada ya wiki tatu, Mungu akipenda. Kila kazi iliyonitoa Nairobi ilinirudisha na kitu cha kutafuna. Wenzangu hurudi na picha.

Beshte yangu mmoja husema nimejifanya Mjapani. Si uongo sana. Japani kuna desturi inaitwa omiyage: ukisafiri, lazima uwarudie watu wa kazini na nyumbani na kitu cha kuliwa cha huko ulikotoka, na kila mkoa una chake. Kit Kat ya kule imetolewa kwa ladha zaidi ya 300, nyingine zikiwa za mkoa mmoja mmoja: wasabi ya Shizuoka, viazi vitamu vya zambarau vya Okinawa, chai ya kijani ya Uji karibu na Kyoto. Kuna watu wanazunguka nchi nzima wakizikusanya. Lakini hebu angalia hii. Kit Kat ni ya Uingereza, ilianzishwa na kampuni ya Rowntree ya York mwaka 1935, ikafika Japani 1973. Na ile keki ya castella ambayo Nagasaki inajivunia? Ililetwa na Wareno karne ya 16. Leo ukienda Nagasaki na urudi bila castella, watu watashangaa ulienda kufanya nini. Hakuna anayeiuliza hiyo keki kwao ni wapi.

Mimi naishi Makina, Kibera, na hapa hilo swali wanaulizwa watu. Nitafika huko. Acha nianze na chakula, maana chakula hakikasiriki ukikiuliza.

Chukua hizo krispi za muhogo. Jioni Mombasa utampata mchuuzi na karai lake limechemka, anauparuza muhogo mbichi vipande vyembamba kama karatasi, vinaanguka kwenye mafuta vikilia. Chumvi, pilipili ya unga, ndimu, anakufungia kwenye gazeti. Kwa sisi wa bara hiyo ndiyo Mombasa yenyewe, kuliko hata bahari. Sasa muhogo kwao ni Brazili. Pilipili nayo ni ya Marekani ya Kusini na ya Kati. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593, na katika kuja na kuondoka kwao mimea ya ng'ambo ya Atlantiki ikaota huku: muhogo, mahindi, karanga. Ni meli za Wareno wale wale waliowaachia watu wa Nagasaki keki.

Karanga ndiyo inanichekesha zaidi. Neno "njugu" ni la Kibantu cha zamani, lilikuwa la njugu mawe, zile ngumu za mviringo ambazo ukizipika bila subira utavunja jino. Karanga ikaja kutoka ng'ambo, ikachukua jina la mwenyeji, na leo Nairobi ukisema "niuzie njugu za kumi" hakuna atakayekupa njugu mawe. Mgeni amekuwa njugu na mwenyeji ndiye anayeongezewa jina la pili ili atambulike.

Mabuyu angalau ni yetu. Mbuyu haukuletwa na mtu. Ule unga mweupe mchachu unaofunika mbegu uliliwa hapa kabla hujaja msafara wowote. Lakini ile mabuyu nyekundu inayouzwa nje ya madrasa na shule za huku, ile inayokupaka rangi ulimi na vidole mpaka mama anajua umetumiaje pesa ya kununua nyanya, imepikwa na sukari na iliki, na iliki ni ya India. Nimekula ubuyu wa Unguja pia, Forodhani, ukiwa mzito, wa kunata, na vanila ndani. Ya Mombasa ni kali zaidi na kavu. Nikilazimishwa kuchagua nachagua ya Mombasa, na najua kuna watu wataniandikia kwa hasira.

Ladha za pwani zilipanda juu na reli. Walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini na wengi waliobaki hai walirudi kwao. Wafanyabiashara, hasa wa kutoka Gujarat, ndio walifungua maduka kando ya reli na mbali nayo, na chevda na bhajia zikaja na sanduku zao. Viazi vya bhajia asili yake milima ya Andes, unga wa dengu ni wa Kihindi, ukwaju wa kuchovya umekuwa Afrika tangu zamani, na ukivila vyote pamoja umekula Nairobi. Mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hiyo ni miaka 116 baada ya reli kufika Kisumu. Bhajia hazikungoja hiyo karatasi.

Halua nitaipitia haraka kwa sababu imeandikwa na wengi. Ilikuja na Waomani, ya wanga, sukari, samli na iliki, na leo Wete kule Pemba wanapika halua ambayo Wapemba hubeba popote waendako. Kinachonivutia ni njia ya kurudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walikimbia, na baada ya Qaboos kushika utawala mwaka 1970 wengi wakaishia Muscat. Walienda na mandazi. Halua ilikuja huku, mandazi yakaenda kule, na huko Muscat hao waliorudi walijikuta wanaitwa Wazanzibari.

Sasa simsim. Tanzania wanaiita ufuta, sisi na Waganda tunasema simsim, neno la Kiarabu. Ukienda Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, utaipata imekaangwa na kubanwa na sukari ikawa mipira midogo ya kahawia, inauzwa stendi kwa wasafiri. Nililala usiku mbili kwenye basi kufika huko kwa kazi iliyonilipa pesa kidogo kuliko nauli, nikarudi na pakiti sita. Arua niliitaka kwa sababu ya Makina.

Mwaka 1885 Khartoum ilianguka mikononi mwa Mahdi. Kusini, mkoa wa Equatoria, kulikuwa na jeshi la serikali ya Misri chini ya Emin Pasha, na sasa njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imefungwa. Emin alikuwa na kambi yake Wadelai, kando ya Nile, katika hiyo West Nile yenye Arua. Mwaka 1889 aliondoka na Stanley kuelekea pwani. Askari wengi wakabaki nyuma na Selim Bey, pamoja na wake, watoto na watumishi, huko Kavalli karibu na Ziwa Albert. Ni hapo Lugard aliwakuta mwaka 1891 akawachukua kazini. Mwaka 1902 likaundwa jeshi la King's African Rifles na wao wakawa humo. Waliopewa mahali pa kukaa Nairobi waliwekwa kwenye msitu kusini magharibi mwa mji, kuanzia mwaka 1904 hivi. Kwa Kinubi msitu ni kibra.

Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa rasmi kuwa la jeshi. Askari alipewa kibali cha kukaa na kulima, si hati ya kumiliki. Miaka ya 1930 Tume ya Carter ikasema hawa ni wapangaji tu, wanakaa kwa hiari ya serikali ya Mfalme. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ikairithi ardhi ikiwa vile vile. Mji ukala msitu kidogo kidogo, mitaa ya wenye pesa ikajengwa juu ya mashamba yao, na watu kutoka kila kona ya Kenya wakaja kupanga vyumba. Wazazi wangu walikuwa kati ya hao, walitoka Vihiga wakapanga kwa Mnubi. Kwa hiyo siandiki haya kama mtu wa kando. Chumba nilichozaliwa kilijengwa kwenye ile ardhi ya kibali.

Mimi nilipofika miaka 18 nilienda kuchukua kitambulisho, nikaulizwa kijiji cha babu, nikataja, kwisha. Kijana niliyesoma naye kuanzia darasa la kwanza, Mnubi, aliambiwa apite mbele ya kamati ya kuhakiki, alete karatasi za babu. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibra wakapewa hati ya ardhi ya pamoja. Ekari 288.

Pakiti moja ya Arua nilimpelekea nyanya wa huyo rafiki yangu, hapa karibu na soko la Makina. Alivaa miwani, akaigeuza geuza kwanza.

"Hii umeitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Arua, nyanya."

Akauma kidogo. Akatafuna muda mrefu. "Wameweka sukari nyingi. Mama yangu hakuweka sukari."

Nikamuuliza mama yake aliijulia wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanatoka wapi. Kwao ilipikwa tu. Halafu akaamka, akaleta kopo la biskuti lililochakaa, na ndani hamkuwa na biskuti. Kulikuwa na picha ya mwanaume mwenye tarbushi na karatasi ya kibali iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekatika. Hiyo ndiyo ilibebwa kwa kamati. "Waliishika hivi," akasema, akaishika kwa ncha za vidole viwili kama kitu kinachonuka.

Akairudisha, akafunga kopo, akaniambia nikienda tena nisilete hizi za kukaangwa na wengine, nilete simsim mbichi, kilo mbili, nyeupe kama itapatikana.

Nilimletea mwezi wa Novemba, si kutoka Arua bali Busia, nauli haikuniruhusu. Aliikaanga kwenye sufuria kavu juu ya jiko la makaa, akaikoroga bila kuipumzisha mpaka ikaanza kuruka ruka, akaitwanga na chumvi kidogo. Ilikuwa chungu kwa mbali, nzito, mafuta yakijitokeza pembeni. Aliniwekea nyingine kwenye karatasi. Nikatoa biro nikaandika: "Makina, Novemba, bure."