Tisa Desemba ni Siku ya Kukusanyika

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, taa za Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, zilizimwa na bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani. Zilipowashwa tena, umati ukaiona bendera ya Tanganyika, ya kijani, dhahabu na nyeusi, iko juu ya mlingoti. Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia aliwakilishwa na mumewe, Prince Philip. Kileleni mwa Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, nchi ikawa Jamhuri, na tangu hapo sherehe imejijengea desturi zake: gwaride, mizinga, halaiki ya watoto, ngoma za mikoani, hotuba ya Rais na msamaha kwa wafungwa. Mwaka 2019, sherehe zilipofanyika CCM Kirumba, Mwanza, waliosamehewa walikuwa 5,533.

Katika yote hayo, ninaloliona kuwa kiini ni ule umati wenyewe. Tanganyika haikuupata uhuru wake kwa bunduki. Tangu chama cha TANU kianzishwe Julai 1954, kazi kubwa ilifanywa kwenye mikutano ya hadhara, watu wakisimama juani kumsikiliza msemaji, kukata kadi na kurudi makwao na habari. Wakoloni waliijua nguvu hiyo. Ndiyo maana mwaka 1957 walimzuia Nyerere kuhutubia hadharani. Kwa taifa lililozaliwa hivyo, kukutana siku ya uhuru ni kuitumia haki ileile iliyouleta uhuru.

Wapo wanaosema sherehe hizo ni gharama tupu, na hoja yao si ya kubeza. Mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimeingia, Rais Magufuli alifuta gwaride na fedha za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2018 zilielekezwa kwenye ujenzi wa Hospitali ya Uhuru, Chamwino, na mwaka 2022 Rais Samia akazipeleka kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mgonjwa anayelazwa Chamwino hana sababu ya kulililia gwaride, na mimi sithubutu kumwambia alililie. Lakini hospitali na mabweni ni wajibu wa serikali mwaka mzima. Yakigeuzwa kuwa mbadala wa sherehe, mwananchi anapokea jengo na kunyang'anywa nafasi yake siku ya taifa lake. Tena mwaka huohuo wa 2015 ulionyesha kwamba kufuta gwaride si lazima kuwafungia watu majumbani: Rais alishika ufagio akafagia kuanzia Ikulu hadi soko la samaki la Feri, na mitaani watu wakazibua mitaro, wakazoa taka pamoja na majirani zao. Hiyo kwangu ilikuwa sherehe kamili, pengine kamili kuliko ya uwanjani, ambako raia huketi jukwaani akitazama askari wakipita. Wanaolalamika kwamba gwaride humfanya mwananchi mtazamaji wana haki, ila dawa yake ni kumpa jambo la kufanya. Midahalo ya wilayani iliyoagizwa mwaka 2022, sherehe zilipofutwa, ingefaa kuwa ya kila mwaka, ifanyike uwanjani badala ya ukumbini, na kipaza sauti kimfikie mkulima kabla ya mkuu wa wilaya.