Hewa na Joto: Historia Fupi ya Kupoza Prosesa za Kompyuta

Historia ya kompyuta husimuliwa mara nyingi kama historia ya kasi. Hata hivyo, nyuma ya kasi ipo historia nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ile ya joto. Takriban umeme wote uingiao katika prosesa hugeuka kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa chombo hukwama au huharibika. Ndiyo maana kila kizazi cha wahandisi kimekabiliwa na swali lile lile: je, hewa itatosha?

Swali hilo lilianza mapema. ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilitumia kilowati 150 hivi. Bila ya hewa kuvumishwa ndani yake kwa nguvu, isingeweza kufanya kazi. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilipunguza mno mzigo huo. Kompyuta ya mezani ya IBM ilipotoka mwaka 1981, prosesa yake, 8088 ya Intel, ilikaa wazi juu ya bodi bila ya kipoza chochote; feni pekee ilikuwa ile ya kisanduku cha umeme.

Raha hiyo haikudumu. Prosesa za 486 zilipofikia megahezi 66 mwaka 1992, zilihitaji kuwekewa bamba la aluminiamu lenye mapezi. Pentium ya kwanza, ya mwaka 1993, iliweza kutoa wati 16 hivi, na feni ndogo ikafungwa juu ya bamba. Kazi iligawanywa: mapezi hupanua eneo linaloguswa na hewa, nayo feni hufukuza hewa iliyokwisha pata moto. Baadaye shaba, madini yanayojulikana vema Katanga, ilitiwa penye kitako cha kipoza, kwani hupitisha joto karibu mara mbili ya aluminiamu, ingawa ni nzito na ghali zaidi. Ikaja pia mirija ya joto, ambayo George Grover aliiendeleza huko Los Alamos mwaka 1963: kimiminika kidogo hugeuka mvuke upande wa moto, hupoa upande wa pili, kisha hurudi kilikotoka.

Kwa muda mrefu wahandisi walitegemea kanuni iliyoelezwa na Robert Dennard na wenzake mwaka 1974, kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti nazo hupungua, na joto la kila eneo halizidi. Lakini transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ulianza kuvuja, na kanuni ikavunjika. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifikia wati 115. Mwaka huo huo Intel iliacha mpango wa kuifikisha gigahezi 4, ikageukia prosesa zenye viini viwili. Core 2 Duo ya mwaka 2006 ilifanya kazi nyingi zaidi kwa wati 65 tu.

Basi yafaa kukiri kwamba hewa haikuwa msaidizi tu wa kompyuta. Kile ambacho feni na bamba la chuma viliweza kukiondoa ndicho kilichoiwekea kasi mpaka, na mpaka huo ndio uliowalazimisha wabunifu kubadili njia.