Mikate Isiyo na Muuzaji

Wiki hii nitazungumzia biashara ambayo wengi wetu tungeicheka kabla haijaanza: kuacha chakula ofisini kwa watu, bila muuzaji, pamoja na chombo cha kuwekea fedha, kisha kwenda zako.

Aliyeifanya ni Paul Feldman, mchumi wa Washington, Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua gharama za silaha za jeshi la majini. Kitengo chake kilipopata mkataba mpya, yeye kama mkuu aliwapongeza wafanyakazi kwa begeli, yaani mikate midogo ya duara yenye tundu katikati. Baadaye ikawa desturi ya kila Ijumaa. Watu wa ghorofa nyingine wakasikia, nao wakataka. Zilipofika begeli 180 kwa wiki, aliweka kikapu na bei ili arudishe gharama zake. Alikusanya asilimia 95 hivi ya fedha iliyotakiwa.

Mwaka 1984 uongozi wa taasisi ile ulibadilika, naye akaacha kazi akauze begeli. Asubuhi na mapema alizipeleka maofisini, na kabla ya chakula cha mchana alirudi kuchukua fedha na masalio. Miaka michache baadaye alikuwa akipeleka begeli 8,400 kwa wiki katika kampuni 140, na kipato chake kikalingana na mshahara wake wa zamani.

Tazameni hesabu hiyo. Ni wastani wa begeli 60 tu kwa kila kampuni kwa wiki. Nani ataajiri muuzaji wa kusimamia begeli 60? Biashara ya namna hii hukua kwa kuongeza vituo vidogo vidogo, na kituo kidogo hakiwezi kubeba mshahara wa mlinzi. Kwa hiyo uaminifu wa wateja ndio uliokuwa mtaji wake.

Mtaji huo ulivuja. Fedha za kikapuni zilitoweka mara kwa mara. Kopo la kahawa nalo likawatia watu tamaa. Mwishowe akatengeneza visanduku vya mbao vyenye upenyo juu. Katika visanduku 7,000 hivi alivyopeleka kwa mwaka, kwa wastani kiliibwa kimoja tu. Lakini kula bila kulipa kuliendelea. Kampuni iliyolipa zaidi ya asilimia 90 aliihesabu kuwa aminifu. Iliyoshuka chini ya 80 iliweza kubandikiwa karatasi ya karipio.

Feldman aliweka kumbukumbu za kila kitu, na mwaka 2005 Steven Levitt na Stephen Dubner walizieleza katika kitabu chao, Freakonomics. Ofisi zenye watu makumi machache zililipa kwa asilimia 3 hadi 5 zaidi ya zile zenye mamia. Na katika kampuni moja yenye ghorofa tatu, ya juu, yaani ya wakubwa, ililipa vibaya kuliko mbili za chini. Kampuni moja si ushahidi wa dunia nzima, lakini mimi sishangai. Aliyezoea kuletewa husahau kwamba yupo anayeleta.

Hilo la ofisi ndogo tunalijua hata sisi. Mama anayeleta maandazi na chai ofisini, na daftari lake la madeni hadi mwisho wa mwezi, hulipwa kwa kuwa anamjua kila mteja kwa jina.

Siku hizi maofisini Marekani zipo rafu na majokofu bila muuzaji, mteja akijilipia kwa kadi kwenye mashine, kamera zikimtazama. Sizilaumu kamera, mwenye vituo mia ana haki ya kulinda mali yake. Hata hivyo, malipo kwa Feldman yalianza kushuka polepole mwaka 1992, na kufikia katikati ya 2001 yalikuwa asilimia 87. Wengine watasema ni aibu. Mimi nasema asilimia 87 ililipwa pasipo jicho la mtu. Anayepanga biashara azihesabu zile 13, aziweke katika bei yake, lakini asiwafungie mlango waaminifu kwa ajili ya wachache.